Walivyozichonga Ndege za Vita Zikawa za Mashindano

Mwaka 1946, mtu mwenye dola 1,250 aliweza kuingia kwenye uwanja mmojawapo wa ndege zilizobaki vitani huko Marekani na kutoka na P-38, ndege ya kivita ya injini mbili, ikiwa mali yake halali. Serikali haikuwa na haja nazo tena. Pale Kingman, jimboni Arizona, zilipangwa jangwani kwa maelfu, na nyingi ziliishia kwenye tanuru zikayeyushwa kuwa aluminiamu. Chache zilichukuliwa na wapiga picha wa angani na matajiri wenye hamu ya kuruka. Nyingine zilichukuliwa na watu waliotaka kukimbizana.

Makala haya ni ya hao wa mwisho. Kwa karibu miaka 80 wamekuwa wakichukua ndege iliyobuniwa kupigana na kuilazimisha iende kasi kuliko waliyoikusudia wahandisi wake. Naihesabu kazi hiyo miongoni mwa kazi kubwa kabisa za ufundi wa mikono. Lakini kila kilometa iliyoongezwa ilitolewa mahali fulani: kwenye uhai wa injini, kwenye urefu wa bawa, au kwenye usalama wa rubani na wa watu waliosimama chini wakitazama.

Mashindano ya ndege yalikuwa yakifanyika Cleveland, Ohio, tangu mwaka 1929, yakasimama kupisha vita. Yaliporudi 1946, vindege vya mbao na turubai vya miaka ya thelathini havikuwa na nafasi tena. Marubani wawili wa majaribio wa kampuni ya Bell, Jack Woolams na Alvin Johnston, walinunua P-39 mbili, wakazitoa bunduki, wakaziongezea injini nguvu na kuzifunga propela zenye mapanga manne. Woolams alifariki siku chache kabla ya mashindano, ndege yake ilipoanguka Ziwa Ontario. Johnston akaruka na ile ya pili na kulinyakua kombe la Thompson kwa wastani wa kilometa 602 kwa saa.

Aliyeshindwa siku hiyo na kwenda nyumbani na hasira zake alikuwa Cook Cleland, rubani wa zamani wa jeshi la majini. Alikuja na ndege ya kivita aina ya Corsair, ya kawaida, akaona vumbi. Mwaka uliofuata alirudi na F2G, Corsair adimu yenye injini ya silinda 28, na akashinda. Mwaka 1949 alishinda tena, safari hii kwa kilometa 639 kwa saa, mabawa yakiwa yamekatwa ncha. Bawa refu lina faida kwa ndege inayopaa na mzigo wa mabomu. Kwa ndege ya mashindano, inayozunguka nguzo karibu na ardhi, kipande cha mwisho cha bawa ni kitu cha kuburuza tu.

Ila mwaka huohuo wa 1949 ndio ulioizima Cleveland. Bill Odom, rubani aliyekuwa na jina kwa safari ndefu za kuzunguka dunia, aliruka na ndege ya kivita ya P-51 iliyoitwa Beguine. P-51 ya kawaida ina mdomo mkubwa tumboni unaoingiza hewa kwenye rejeta. Mafundi wa Beguine waliuondoa mdomo huo wote, wakaziba tumbo likawa laini, na rejeta wakazihamishia kwenye ncha za mabawa ndani ya maganda yaliyochongoka. Ilikuwa ndege nzuri kupita kiasi. Kwenye mzunguko wa pili Odom alipinda vibaya, ndege ikalala mgongo na kuiangukia nyumba ya watu katika mji wa Berea. Alikufa yeye, akafa mama mwenye nyumba pamoja na mtoto wake mchanga. Mashindano ya ndege kubwa za pistoni yalikoma kwa miaka 15.

Aliyeyafufua ni Bill Stead, mfugaji wa Nevada na bingwa wa mashindano ya boti, aliyeyaanzisha karibu na mji wa Reno mwaka 1964 kwenye kiwanja cha vumbi. Mwaka 1966 yalihamia kituo cha zamani cha jeshi la anga chenye jina la Stead. Kituo kilipewa jina la kaka yake Bill, aliyekufa mwaka 1949 akirusha P-51. Bill mwenyewe alikufa mwaka huohuo wa 1966, katika ajali ya kindege cha mashindano huko Florida. Reno likabaki neno moja na mashindano haya hadi 2023.

Hapa ndipo zilipoanza zama za mafundi. Darryl Greenamyer, rubani wa majaribio wa Lockheed, alikuwa na Bearcat, ndege nene fupi ya jeshi la majini. Aliikata mabawa, akaifunga propela ya ndege ya Skyraider, akatoa kila alichoweza kukitoa, na kile kioo kikubwa cha rubani akakibadilisha kwa kifuniko kidogo mithili ya bakuli lililofunikwa kichwani. Akaiita Conquest I. Agosti 16, 1969, katika kituo cha Edwards jimboni California, ilikwenda kilometa 777 kwa saa. Rekodi ya kasi ya ndege za pistoni iliyovunjwa siku hiyo ilikuwa ya kilometa 755, iliyowekwa na Mjerumani Fritz Wendel mwezi Aprili 1939 kwa ndege ya Messerschmitt Me 209. Vita vizima vilipiganwa, mataifa makubwa yakamwaga mabilioni kutengeneza ndege za pistoni, na rekodi ya Wendel ikakaa miaka 30 mpaka ilipovunjwa na ndege ya mtu binafsi.

Lyle Shelton, naye rubani wa zamani wa majini, aliipata Bearcat yake ikiwa mabaki yaliyotelekezwa katika jimbo la Indiana. Akaitoa injini ya asili na kuipachika nyingine kubwa zaidi, Wright R-3350. Ndege hiyo, Rare Bear, ilimpa ushindi mara sita Reno, na Agosti 21, 1989 ilifikisha kilometa 850 kwa saa. Familia ya Sanders nayo iliichukua Sea Fury ya mafunzo iliyotumikia jeshi la Burma na kuiwekea ile injini ya silinda 28, wakapata Dreadnought.

Lakini roho ya Reno, kwangu mimi, ilikuwa P-51 na injini yake ya Merlin. Tuikaribie kidogo.

Merlin ina silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, na ujazo wa lita 27. Nyuma yake kuna mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, na shinikizo la hewa hiyo hupimwa kwa inchi za zebaki. Hewa ya kawaida ya pwani ina inchi 30 hivi. Rubani wa P-51 akipaa kwa nguvu zote aliruhusiwa kufika inchi 61, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na kupata nguvu za farasi zipatazo 1,500. Mafundi wa Reno waliipandisha hadi inchi 130 na zaidi, mizunguko 3,400, na kutoka kwenye chuma kilekile wakatoa nguvu za farasi zaidi ya 3,000.

Kwa shinikizo hilo injini hugonga, na Merlin ikigonga hupasuka. Kwa hiyo hewa inayoingia hunyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli ili ipoe. Konrodi za asili hazihimili, basi hutolewa na kuwekwa za Allison, injini ya Kimarekani ambayo wakati wa vita ndiyo iliyong'olewa kwenye P-51 ili Merlin ichukue nafasi yake. Ndani ya mdomo wa tumboni hufungwa bomba lenye matundu linalorushia rejeta maji muda wote wa mashindano. Ndiyo maana ndege hizi huacha mkia wa mvuke nyuma yake. Na nje, wiki nzima, watu wako juu ya bawa na msasa. Kila kichwa cha ribiti hufunikwa kwa puti, kila mwanya huzibwa, husuguliwa hadi mkono ukipita usihisi kitu. Kazi yote hiyo ni ya mbio za dakika nane au tisa.

Injini ikifa katikati ya mzunguko, rubani yuko mita 15 tu juu ya ardhi. Huvuta usukani papo hapo, kasi ikageuka kuwa urefu, kisha hutafuta njia ya kutua bila injini. Wengi walitua salama hivyo, oili imetapakaa kwenye kioo.

Steve Hinton hakubahatika hivyo. Agosti 1979 alikuwa amefikisha kilometa 803 kwa saa na Red Baron, P-51 yenye injini ya Griffon na propela mbili zinazozunguka kinyume. Mwezi uliofuata, pale Reno, injini ilimharibikia, mapanga yakageuka bapa kuikabili hewa kama ubao, na ndege ikaanguka kabla ya kuufikia uwanja. Ilisambaratika. Hinton aliponea chupuchupu akiwa amevunjika mgongo, na baadaye akarudi angani. Mwaka 2017 mwanawe, Steven, alirusha P-51 iitwayo Voodoo huko Idaho kwa wastani wa kilometa 855 kwa saa, rekodi ya daraja lake la uzito.

Voodoo hiyohiyo, mwaka 1998, ilikuwa imetoa onyo pale Reno. Mkiani mwa P-51 kuna vibawa vidogo vya kusawazisha. Kasi inapopanda, pua ya ndege hutaka kuinuka, na vibawa hivyo huizuia ili rubani asichoke kuisukuma. Kimoja kilinyofoka ndege ikiwa kwenye kasi ya mashindano. Voodoo ikapaa yenyewe kwa ghafla, na rubani Bob Hannah akazimia kwa uzito uliomkandamiza. Alipozinduka alikuwa juu sana, ndege bado inaruka. Akatua.

Septemba 16, 2011, hapohapo Reno, jambo lilelile lilimpata Jimmy Leeward, mwenye umri wa miaka 74, katika Galloping Ghost, P-51 iliyowahi kushindana Cleveland miaka ya arobaini. Nayo, kama Beguine, ilikuwa imeondolewa mdomo wa tumboni. Kibawa cha kushoto cha kusawazisha kilivunjika. Ndege ilivutwa juu kwa nguvu ya zaidi ya mara 17 ya uzito wake, Leeward akapoteza uwezo wa kuiongoza, ikapinduka na kuangukia mahali walipokaa watazamaji. Alikufa yeye na watu 10, zaidi ya 60 wakajeruhiwa.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipochunguza, ilizikuta nati za kujikaza zilizolegea kwa kutumika tena baada ya kuchakaa. Iligundua pia kwamba kibawa cha kulia kilikuwa kimefungwa kisicheze, mzigo wote ukaangukia cha kushoto. Mabadiliko makubwa ya ndege hayakuandikwa wala kujaribiwa ipasavyo. Hapo nawalaumu waliohusika bila kusita. Rubani ana haki ya kuhatarisha maisha yake, lakini aliyenunua tiketi hakuulizwa kuhusu nati. Na onyo la 1998 lilikuwa limeshatolewa, palepale.

Reno ilifungwa Septemba 2023. Siku ya mwisho kabisa ndege mbili za T-6 ziligongana zikijiandaa kutua, marubani wote wawili wakafa, na mbio zilizobaki zikafutwa. Fainali ya ndege kubwa haikurushwa. Waandaaji wakauchagua Roswell, New Mexico, uwe mji mpya wa mashindano.

Msomaji ukijaliwa kufika Washington, usiishie katikati ya jiji. Nenda hadi jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, karibu na uwanja wa Dulles, uitafute Conquest I. Tazama ncha za mabawa palipokatwa, kisha inua macho ukitazame kile kifuniko cha rubani. Mtu mzima alijikunja humo akaenda kilometa 777 kwa saa.