Asili na Maana ya Msemo wa Kiingereza "To Pull Out All the Stops"

Katika misemo ya Kiingereza iliyotoka katika muziki, huu ni mmoja wa ile impotezayo mfasiri. Neno "stop" kwa kawaida ni kuzuia, na mtu aweza kudhani kwamba maana ni kuondoa vikwazo njiani. Sivyo. Asili yake ni kinanda kikubwa cha kanisani, chenye mirija na mivukuto.

Katika vinanda vingi vya Ulaya vya karne za kati, mpigaji alipobonyeza mahali pamoja, safu zote za mirija zililia kwa mara moja. Hakuwa na hiari ya kuchagua. Hata kufikia karne ya 15 mafundi walikuwa wamebuni vizuio. Chini ya kila safu hupita ubao mwembamba wenye matundu. Ukisukumwa ndani, njia ya upepo huzibika na safu hunyamaza. Ukivutwa nje, matundu hulingana na njia ile, na safu hulia. Basi chombo kilipewa jina kwa kazi yake ya kunyamazisha, lakini msemo wataja kazi yake ya pili, yaani kuachilia sauti.

Mwaka 1865 Matthew Arnold, katika dibaji ya *Essays in Criticism*, alitumia mfano huo kwa tabia ya Waingereza. Hakutaka vizuio vyote vivutwe. Haja yake ilikuwa kuwaongezea sauti wasizozizoea. Baadaye "vichache" vikawa "vyote", na maana ikahama kutoka upana ikawa nguvu: kutumia kila uwezo uliokuwa umewekwa akiba.

Je, kwa Kiswahili tusemeje? Wengi watajibu "kwa udi na uvumba". Hilo lafaa kwa mtu atafutaye jambo kwa kila njia. Lakini tukisema mwenye arusi aliwakaribisha wageni kwa udi na uvumba, msikilizaji wa pwani atafikiri mafukizo yenyewe! "Kwa hali na mali" hufaa penye kusaidiana. Na mwimbaji aliyeonyesha ustadi wake wote, heri tuseme wazi kwamba hakubakiza ufundi wowote.

Kwa hiyo mfasiri asitafute msemo mmoja wa kulipa msemo mmoja. Atazame kwanza ni akiba gani iliyofunguliwa, na ni nani aliyeifungua.