Uvuvio wa Mungu katika Jamaa ya Katanga

Jamaa ni mwamko wa Kikatoliki uliozaliwa miaka ya 1950 kati ya wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi, katika Katanga nchini Kongo, kisha ukaenea Lubumbashi na Kasai. Uliongozwa na padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels (1906–1977), ambaye kitabu chake *La philosophie bantoue* kilichapishwa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1945.

Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga na kusimama juu ya nguzo tatu: uzima, uzazi na mapendo.

Jamaa ilitambua kwamba Mungu huweza kumgusa mtu kwa wazo, au hata kwa ndoto. Lakini aliyeguswa hakuachwa peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, wakalelewa hatua kwa hatua na wanandoa waliowatangulia, ambao waliwaita baba na mama. Ndoto ilisimuliwa kwa wazazi hao wa kiroho, ikapimwa kwa mafundisho, na matunda yake yakatazamwa kwanza nyumbani, katika maisha ya ndoa. Hapo ndipo ubora wa Jamaa: fumbo la Mungu lilikabidhiwa watu wa kawaida, wachimba shaba na wake zao, bila kuwaacha wapotelee katika hisia zao.

Hatari haikukosekana. Vikundi vilivyotokana na Jamaa, vilivyojulikana kama Katete, vilishutumiwa kwa upotovu, na maaskofu wakaibana Jamaa yenyewe. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1971.