Droni zinazosaka manusura kwa kusikiliza mayowe

JENGO la orofa sita lilipoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016, waokoaji waliendelea kuwatoa watu wakiwa hai kwenye vifusi hata siku sita baadaye. Mara nyingi manusura wa mkasa kama huo haonekani. Huenda akasikika tu.

Kwa sababu hiyo, watafiti wa taasisi ya Fraunhofer FKIE nchini Ujerumani, akiwemo Macarena Varela, walieleza mwaka wa 2021 jinsi wanavyounda mfumo wa maikrofoni nyingi ndogo za kufungwa kwenye droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani. Mtu apigapo mayowe, sauti yake huifikia kila maikrofoni kwa wakati tofauti kidogo mno. Kompyuta hupima tofauti hizo na kukadiria upande inakotoka, hata pale ambapo kamera ya kawaida imezibwa na moshi au matawi ya miti.

Kikwazo kikuu ni droni yenyewe. Mapanga yake huvuma karibu kabisa na maikrofoni, ilhali anayelilia msaada yuko mbali. Pana pia upepo na milio ya ndege. Watafiti hao walikusanya rekodi za mayowe na za kugongagonga vitu, ili kompyuta ijifunze kuzitofautisha na kelele nyingine.

Hata hivyo, aliyezirai hapigi mayowe, na zege nene humeza sauti kabla haijafika angani. Hapo bado wanahitajika mbwa wa kunusa na vifaa vya kunasa mitetemo vinavyowekwa juu ya kifusi, huku mitambo ikizimwa na umati ukiombwa unyamaze.