Kituo cha kijiji wakati wa maafa: ufunguo, maji na majina

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang mkoani Manyara na kufunika sehemu za Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wengi waliopoteza nyumba walihifadhiwa shuleni.

Hata kijijini kwako pengine itakuwa hivyo: watu watakimbilia shule, msikiti, kanisa au ofisi ya kijiji. Wataalamu huliita jengo la namna hiyo kituo cha ustahimilivu, iwapo limeandaliwa kabla. Jina ni kubwa, lakini kazi ni tatu tu: kupokea tahadhari, kuhifadhi watu, na kuwasaidia kuanza upya.

Kwanza, jengo liko wapi? Waulizeni wazee maji yalipita wapi wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Mkondo uliokauka miaka ishirini bado ni mkondo.

Pili, linabeba wangapi? Hapa ndipo vijiji vingi hujidanganya. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni mita 3.5 za mraba kwa mtu kulala. Darasa la mita 7 kwa 9 linatosha watu 18, hata kama mchana hukaa wanafunzi 60. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, ya kunywa, kupika na kuoga. Kwa watu 100 hizo ni ndoo 75 za lita 20 kila siku. Tangi la lita 5,000 litakwisha siku ya nne. Vyoo, mwanzoni angalau tundu moja kwa watu 50, na la wanawake liwe mbali na la wanaume, lenye komeo kwa ndani. Kipindupindu hakisubiri mafuriko yaishe.

Halafu ufunguo. Usikae kwa mtu mmoja, maana siku ya mvua kubwa huyo mmoja anaweza kuwa ng'ambo ya mto. Tunashauri watu watatu, wa vitongoji tofauti.

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Muulize mwenyekiti wako wajumbe ni akina nani. Kamati iwe na daftari la majina: nani mlemavu, nani mjamzito, bibi yupi anaishi peke yake, na kijana gani atakwenda kumchukua. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo, rangi ya njano, daftari lisomwe. Ikitoa tahadhari kubwa, rangi nyekundu, watu wawe wameshahama.

Bangladesh, ambako kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000, majengo mengi ya kukimbilia ni shule siku za kawaida. Tunaona hilo ni jambo la busara. Jengo linalofunguliwa kila siku, paa lake likivuja litaonekana mapema. Wekeni paneli ya sola ya kuchajia simu, watu walipie kidogo, na pesa hiyo inunue dawa ya klorini na betri za redio.

Maji yakipungua, daftari lilelile hutumika kuandika nani amepoteza nyumba, mbegu, mifugo au vitambulisho. Liandikwe nakala mbili, moja ibaki kijijini, nyingine ipelekwe kwa mtendaji wa kata kabla magari ya misaada hayajafika.