Mathias Mnyampala na Chimbuko la Ngonjera

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, Dodoma, mbali na Lamu, Mombasa na Pemba, ambako mashairi ya Kiswahili yalikuwa yametungwa kwa karne kadhaa. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Alifanya kazi ya ualimu, kisha ukarani serikalini, na hatimaye uhakimu. Kitabu chake kilichomtambulisha mapema, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilitoka mwaka 1954 nacho ni cha nathari.

Jina lake la ushairi lilikua kupitia malumbano. Magazeti ya Kiswahili yalitenga nafasi ya mashairi, na mtunzi aliyetupa swali kwa beti chache alijibiwa na mwenzake wa mkoa mwingine, mara nyingi kwa bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi. Saadani Kandoro na Kaluta Amri Abedi walikuwa miongoni mwa mafundi wa enzi hiyo. Mshairi alijulikana kwa kujibu kama alivyojulikana kwa kutunga, na aliyeteleza katika vina au mizani alisahihishwa mbele ya wasomaji wote. Katika miaka ya 1960 Mnyampala alichapisha kwa kasi: Diwani ya Mnyampala mwaka 1963, Waadhi wa Ushairi mwaka 1965, na tenzi ndefu za Injili na Zaburi, ambamo Mkatoliki huyu aliiweka imani yake katika umbo lililokuzwa na washairi Waislamu wa pwani. Hatua hiyo haijapewa uzito unaostahili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa, ndilo lililoyapeleka malumbano jukwaani. Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikutana na washairi, akawaomba wayafikishe mawazo ya Ujamaa kwa wananchi. Wengi wa wananchi hao hawakujua kusoma, hivyo diwani isingewafikia. Mnyampala, aliyekuwa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, aliyachukua malumbano ya gazetini akayatia vinywani mwa watu wanaoonana ana kwa ana. Akaiita bahari hiyo ngonjera.

Umbo lake ni jepesi kulishika. Wahusika wawili au zaidi hupokezana beti, kwa kawaida za mistari minne yenye mizani kumi na sita, vina vikigonga katikati na mwishoni. Mmoja hubisha: kilimo cha pamoja cha nini, na shamba langu linanitosha? Mwenzake hujibu, mbishi huongeza hoja, na mwisho hukubali. Shuleni, wanafunzi hukariri kila mmoja sehemu yake, husogea hatua moja mbele zamu ikifika, hunyoosha mkono kumwelekea mpinzani, kisha wote hugeuka kumkabili mgeni rasmi na kutamka ubeti wa mwisho kwa sauti moja. Mtunzi hubaki pembeni, maana shairi sasa ni la wasemaji. Mwalimu anayewafundisha hukata beti, huongeza jina la kijiji, hubadili mpangilio, nayo ngonjera huimarika kwa kuguswa hivyo.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971, vikaenea mashuleni. Wahakiki walilalamika kwamba mbishi hushindwa mapema mno na kwamba siasa humeza sanaa. Kwa msomaji aliyeketi na kitabu, lalamiko hilo lina haki, kwani beti nyingi hukauka zikisomwa kimya. Lakini zilitungwa kwa ajili ya uwanja wa shule na mkutano wa kijiji, na huko ubishi wa mhusika wa kwanza ndio uliowachekesha watu, kwa kuwa wengi waliusikia ukiwa ubishi wao wenyewe.

Vijiji vya Ujamaa vilipofifia, ngonjera ilibaki. Walimu waliendelea kuitungia mada za malaria, UKIMWI, utunzaji wa misitu na elimu ya wasichana. Tawasifu ya Mnyampala, Maisha ni Kugharimia, ilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake.