Kutoka Zimamoto hadi Shina la Moto: Maneno Yetu Gari Linapowaka

Msafiri atokaye Mugumu kwenda lango la Ikoma wakati wa kiangazi hupita katikati ya majani makavu. Madereva wa njia ile, hasa wale wawapelekao watalii katika Hifadhi ya Serengeti, wanajua jambo ambalo dereva wa mjini hana haja ya kulijua: kwamba majani hayo na mbegu zake hujisokota chini ya gari, hushikamana na bomba la moshi lenye joto kali, ambalo wao huliita ekzosi, na baada ya muda huanza kufuka. Dereva mwangalifu husimama penye udongo mtupu, akainama, akayachomoa kwa kijiti. Asiye mwangalifu huegesha juu ya majani yaleyale, akashtukia moshi miguuni.

Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipo, na yafaa ipigwe. Lakini gari dogo laweza kuteketea kwa dakika chache, na kutoka Robanda hadi mjini si mwendo wa dakika chache. Kwa hiyo mwokoaji wa kwanza ni dereva mwenyewe, na mwalimu wake wakati huo ni maneno machache yaliyobandikwa kwenye mtungi mwekundu. Katika makala haya tunakusudia kueleza maneno ya kazi hii yametoka wapi, na ni wapi bado yanatupungukia.

Tuanze na zimamoto. Kwa umbo neno hili halina fumbo: ni kitenzi na yambwa yake, kama lilivyo pimamaji la waashi. Mwenye kufanya kazi hiyo akaitwa mzimamoto, na wengi wao wazimamoto. Hata hivyo historia yake si nyepesi kama sarufi yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Kenya, Uganda na Tanganyika zilienea uvumi kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku, huwatia katika magari yao na kuwanyonya damu. Uganda waliitwa bazimamoto. Pwani na kwingi Tanganyika uvumi huohuo ulibebwa na neno mumiani, ambalo asili yake ni dawa nyeusi mfano wa lami iliyotoka Uajemi na Bara Hindi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi uvumi huo ulivyofuatana na vyombo vya kigeni: magari yaliyofungwa, mipira, ndoo na sare. Mjini Kampala mwaka 1958 mtu mmoja alikamatwa alipokwenda kituo cha zimamoto kumwuza mwenzake kwa shilingi 1,500, akiamini kwamba hapo ndipo watu hununuliwa. Alifungwa.

Tunakitaja kisa hiki si kwa kucheka. Neno lililoundwa kwa ajili ya mwokoaji lilikuwa limegeuka jina la mwuaji, na gari jekundu lilipopita wapo waliokimbia badala ya kulionyesha njia. Kwa waundaji wa istilahi hili si jambo dogo. Neno laweza kuwa sahihi kwa sarufi, likaeleweka na kila mtu, na bado likawafukuza wale linaotaka kuwasaidia. Leo mazungumzo rasmi hupendelea askari wa zimamoto kuliko wazimamoto, na sheria ya mwaka 2007 iliyounda Jeshi hilo ililipa jina lenye neno uokoaji. Hatusemi kwamba walioandika sheria walikuwa wanamkimbia mumiani. Twasema tu kwamba neno uokoaji limekaa vema pale. (Magazeti, kwa upande wao, yamelipa zimamoto maana nyingine tena, ya hatua za haraka zisizo na mpango. Hilo nalo si sifa.)

Tuje kwenye chombo. Walimu wa udereva husema kizimamoto, wengine husema mtungi wa kuzimia moto, na barabarani husikika faya, jina ambalo hubeba chombo, gari na kikosi kwa pamoja. Sisi twapendelea mtungi wa kuzimia moto, ingawa una kasoro yake. Mtungi kwa asili ni chombo cha udongo cha kuwekea maji, na mawazo ya maji ndiyo hasa tusiyoyataka katika moto wa gari: petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kuwaka huku inatambaa. Ndiyo maana ni lazima jina likamilishwe kwa kutaja kilichomo: mtungi wa unga mkavu, mtungi wa povu, mtungi wa hewa ya ukaa. Katika magari madogo mara nyingi ni unga mkavu.

Mitungi mingi hutoka nje, na maelezo yake huandikwa Kiingereza. Pale yalipotafsiriwa, tumekuta agizo hili: elekeza kwenye chanzo cha moto. Tulimsomea dereva mmoja maneno hayo, tukamwuliza angefanya nini. Akajibu kwamba angefungua boneti atafute waya uliounguza. Hakukosea; chanzo katika Kiswahili ni sababu ya jambo, na yeye aliitafuta sababu. Kumbe agizo lilikusudia sehemu ya chini, pale ndimi za moto zinapotokea kwenye kitu kinachoungua. Mtungi mdogo huisha kwa takriban sekunde kumi. Anayeumaliza kwa kupulizia ndimi za juu, au kwa kutafuta waya, hatapata wa pili.

Twapendekeza shina la moto. Kila mkulima ajua shina liko wapi. Agizo zima lingesomeka hivi: Zima injini. Shusha abiria, wakae mbali. Vuta pini. Lenga shina la moto. Bana mkono wa mtungi, upunge huku na huku. Msomaji ataona kwamba kitenzi zima, kilichotupa zimamoto, ndicho kinachoanza, na kwa haki, kwa sababu injini inayozunguka huendelea kusukuma mafuta. Kuhusu boneti, tusiandike fungua. Ikifunguliwa wazi, hewa huingia na moto hurukia uso wa mfunguaji. Tuandike achia kidogo, upulizie kwenye mwanya.

Limebaki la malori ya mafuta, na hapa neno lina uzito wa maisha ya watu. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan nchini Kenya, tarehe 2 Julai 2010 huko Sange katika Kivu ya Kusini, na tarehe 10 Agosti 2019 Msamvu, Morogoro, malori yalipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka. Kila mahali walikufa watu zaidi ya 100, na Sange zaidi ya 200. Malori ya kwetu huandikwa HATARI PETROLI. Hatari ni neno la haki, lakini halisemi ya nini, na petroli kwa mtu mwenye dumu mkononi ni jina la mali. Kinachoua kwanza ni mvuke, usioonekana, mzito kuliko hewa, unaotambaa chini hadi ukutane na sigara au cheche ya betri. Neno mvuke halimo kabisa katika tangazo lile. MVUKE UNAWAKA, KAA MBALI: hayo hayazidi nafasi iliyopo.

Tena kuna yale majani ya njia ya Ikoma yajisokotayo kwenye ekzosi. Yanastahili jina moja la kuandikwa katika kitabu cha dereva. Walimu na madereva wa Serengeti na Tarime wenye neno wanalolitumia watuandikie.