Kete, Mchanga na Hesabu ya Kichwani: Kutoka Ubao wa Mfalme hadi Mwaka wa Saba

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, mna sanamu ya mti ya mfalme wa Wakuba, Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika nchi ya Kasai mnamo nusu ya kwanza ya karne ya 17. Mfalme ameketi, miguu ameikunja, na mbele yake pamechongwa ubao wenye mashimo. Kila sanamu ya aina hii, iitwayo ndop, huwa na alama inayomtambulisha mfalme wake. Mwingine ana ngoma. Shyaam ana ubao wa mchezo. Sanamu hiyo ilichukuliwa Nsheng na Emil Torday, Mhungaria, katika safari yake ya 1907 hadi 1909, wakati wa utawala wa Kot aPe. Masimulizi aliyoyaandika Torday yasema kwamba Shyaam aliuleta mchezo huo ili raia wake waache kamari.

Habari hiyo yastahili kutafakariwa na mwalimu wa hesabu. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mfalme hakutosheka na kukataza: mahali pa mchezo wa bahati aliweka mchezo wa kuhesabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha ni hesabu ya namna gani iliyomo katika mchezo huo na ile iliyo jirani yake, na kwa nini inamfaa hasa mwanafunzi wa mwaka wa saba na wa nane.

Majina yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Waluba husema kisolo, Wanyarwanda igisoro, Wasukuma wa Tanzania isolo, Watonga wa Zambia chisolo. Kwa kuwa l na r hubadilishana mara kwa mara katika lugha za Kibantu, inaelekea mzizi ni mmoja, nao umeenea kutoka Maziwa Makuu hadi Zambezi. Waswahili wa pwani wao huuita mchezo wa jamii hiyo bao, na wameujengea msamiati kamili: namua, mtaji, takasa, nyumba, kichwa, kimbi. Mnamo 1977 Philip Townshend alichapisha uchunguzi juu ya michezo hiyo katika Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi. Aliyeusoma hawezi tena kuiita michezo ya watoto.

Tuchukue ubao wa igisoro au wa bao: safu 4 za mashimo 8, kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu 2, yaani mashimo 16, na kete zake huzipanda moja moja kuyazunguka mashimo hayo. Mwenye shimo la kete 5 haoni taabu kujua ya mwisho itaangukia wapi. Mwenye kete 19 je? Mchezaji hodari hazifuati zote kwa jicho. Anajua kwamba 16 zitamrudisha alipoanzia, basi anaziacha na kuhesabu 3 tu. Huko ni kugawanya kwa 16 na kushika baki, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa saba huliona gumu likiandikwa ubaoni kwa chaki. Tena kazi haiishi hapo. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete nyingine, huenda ikabidi kuzizoa na kuendelea kupanda. Na mashimo yaliyokwisha kupitwa yameongezeka kete moja moja, kwa hiyo lililokuwa na 3 sasa lina 4. Mchezaji hana budi kushika kichwani ubao mzima uliobadilika, kabla hajaunyoshea mkono.

Kabla hajaunyoshea mkono: hapo ndipo penye siri yote. Katika bao, mchezaji hufikiri kwa macho, na aliyezoa kete hutarajiwa kuzicheza. Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kutetea tasnifu yake Leiden mnamo 1995, aliwaona kuwa watu wa kupimia uwezo wa akili ya binadamu, wala si wacheza tu wa kupotezea jioni.

Mchezo wa pili hauhitaji hata kete. Torday huyohuyo aliwakuta watoto wa Kikuba wakichora mchangani michoro ya kusukana kama nyavu, kwa sharti la kutoinua kidole na kutopita mara mbili juu ya mstari mmoja. Walimjaribu mgeni, naye akashindwa. Kicheko chao si vigumu kukiwazia. Kanuni ya jambo hilo ilitolewa na Leonhard Euler mnamo 1736: hesabu makutano yanayotoka njia za idadi witiri, yakiwa 0 au 2, mchoro wawezekana, yakizidi hauwezekani. Watoto wale hawakumsoma Euler. Hata hivyo mwanafunzi aweza kuanza kama wao, kwa kidole na mchanga, kisha akaifikia kanuni kwa kuhesabu makutano kimoyomoyo.

Wachokwe, wanaokaa Angola, Zambia na kusini mwa Kongo, wana sona, michoro inayozungushwa kwenye nukta zilizopangwa kwa safu. Paulus Gerdes, aliyefundisha Msumbiji hadi kufa kwake mnamo 2014, alionyesha kwamba katika michoro inayofanana na mkeka, idadi ya mistari inayohitajika ni kigawo kikubwa cha shirika cha safu wima na safu mlalo. Nukta 5 kwa 6 zatosha mstari mmoja. 4 kwa 6 zataka miwili. Mwalimu akiuliza kabla ya kuchora, «Mistari mingapi?», amekwisha kufundisha somo zima la vigawo.

Shule ilipoingia haikuyatazama hayo. Mkataba wa 1906 kati ya Dola Huru la Kongo na Vatikani uliziimarisha shule za misheni, na ubao ukabaki uani, chini ya mwembe. Ajabu ni kwamba Wabelgiji wenyewe baadaye walitafuta vitu vya kuchezea hesabu: Georges Cuisenaire, mwalimu wa Thuin, alitangaza vijiti vyake vya rangi mnamo 1952. Vijiti hivyo ni vizuri, lakini ni vya kushikwa, navyo vinamfaa mtoto mdogo. Kijana wa miaka 12 amekwisha kupita hapo. Kinachomfaa ni mchezo unaomkataza mkono.

Hapo walimu kadhaa wenye nia njema hukosea. Huleta ubao darasani, kisha wakawaruhusu wanafunzi kuzigusa kete na kuzihesabu kwa kidole, wakati mwingine bila mpinzani. Kilichobaki ni mbegu na mashimo. Hesabu ya kichwani imetoka. Afadhali sharti bila ubao kuliko ubao bila sharti.

Suala la lugha nalo lina uzito. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014, iliyoiweka miaka ya saba na ya nane ndani ya elimu ya msingi, imezipa lugha za taifa nafasi. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu husikia makumi mbili na makumi tatu, ishirini na thelathini, tena vingt na trente shuleni. Makumi mbili yajieleza yenyewe kuwa 10 mara 2, na anayejumlisha kichwani hupata msaada humo. Mbele ya ubao, wachezaji wawili huhesabu kwa lugha ijayo haraka zaidi, na mwalimu atakayesikiliza atajua ni ipi kabla ya kuwauliza kitu.

Gharama haipo ya kuzuia jambo hili. Mashimo 32 huchimbwa uani kwa kipande cha jembe, kokoto 64 huokotwa njiani. Darasa la wanafunzi 50 lataka mabao 25, kazi ya asubuhi moja, na wanafunzi wenyewe waweza kuulizwa, bila karatasi, kokoto zote zitakuwa ngapi.